Usiitoboe Kasiki

Mpelekee muuza maua wa kandokando ya barabara hapa Dar es Salaam chombo cha zamani cha kauri, umwambie unataka mmea wa kuweka humo. Kabla hajakuonyesha mmea atakigeuza, atatazama kitako, kisha atauliza: "Nikutobolee, dada?"

Huuliza kwa nia njema. Anajua mizizi ikikaa kwenye maji yaliyotuama huoza, na hataki urudi baada ya mwezi ukilalamika kuwa amekuuzia ua bovu. Drili anayo, na kama hana, kuna kijana jirani anayo. Muda mfupi baadaye kasiki, yaani mtungi mkubwa wa kauri, iliyovuka bahari, ikakaa ukumbini mwa watu vizazi kadhaa bila hata ufa, ina tundu chini. Tundu hilo halirudi. Unaweza kulijaza saruji au gundi, lakini chombo hakitashika maji tena kwa namna kilivyoyashika siku kilipotoka tanurini.

Naandika haya kuwaomba mkatae. Kusema tu "hiki ni kitu cha zamani" hakumshawishi mtu anayetaka mmea wake uishi, nami ninataka mmea wako uishi. Ninachotaka zaidi ni ujue ulichoshika mkononi kabla ya kumjibu fundi.

Vyombo hivi vinaonekana sana siku hizi kwa sababu nyumba zilizokuwa zimevihifadhi zinaondoka. Tembea Kariakoo, Kisutu au Upanga uone nyumba za chini zilivyopisha maghorofa. Familia inapohama, karibu kila kitu kina mnunuzi. Bati, nondo na sufuria vinachukuliwa na watu wa chuma chakavu, milango na mbao za mninga zina wateja wake. Kauri haina bei ya kilo. Kasiki ni nzito, haipandishiki ngazi za ghorofa ya tano kirahisi, na kule juu haina pa kukaa, basi anaachiwa mlinzi au inaishia kwenye kifusi. Kasiki ya shangazi yangu, aliyekuwa akikaa Upanga, ilikuwa njiani kuelekea huko. Ni ya kahawia iliyokolea, ina mabega mapana, masikio manne madogo shingoni ya kupitishia kamba, na mchirizi wa rangi uliotiririka ukagandia katikati ya tumbo. Yeye aliitilia achari, na ilipokwisha achari akaitilia mchele. Ilikotoka, hakuna aliyekumbuka. Tuliichukua sisi, na fundi wa bustani aliyekuja kupanda nyasi akaitazama akasema ile sentensi.

Ipo njia rahisi ya kujua chombo chako ni cha namna gani. Kigeuze, tafuta sehemu ya kitako ambayo haikupakwa glezi, yaani ule utando wa kioo unaong'aa. Dondoshea tone la maji. Likinywewa, huo ni udongo wa kuchoma wa kawaida, ndugu wa mtungi na chungu cha kupikia. Likibaki juu limetuama, umeshika kauri ngumu. Wazoefu hugusisha ulimi: udongo mkavu hunata, kauri ngumu hainati. Kisha kiinue kidogo, ukigonge taratibu kwa kifundo cha kidole. Kizima hulia sauti ndefu yenye mwangwi. Chenye ufa, hata ule usioonekana kwa macho, hujibu kwa sauti butu.

Tofauti hii imetoka kwenye moto. Akina mama wafinyanzi wa Kikisi, kule Matema na Ikombe kwenye Ziwa Nyasa, huchoma vyungu vyao juu ya ardhi kwa nyasi kavu na kuni. Moto wa namna hiyo kwa kawaida hauvuki nyuzi joto 900 za Sentigredi. Udongo unakuwa mgumu, lakini chembe zake hazijayeyukiana, na vinyweleo vidogo hubaki kati yake. Ndiyo maana mtungi hutoa jasho, na ndiyo maana maji ya mtungini ni baridi: kiasi kidogo hupenya hadi nje, huwa mvuke, na huondoka na joto. Kwa kazi ya kupoza maji sijui chombo kinachoushinda. Kauri ngumu inatoka mahali pengine kabisa. Huchomwa ndani ya tanuri lililofungwa, nyuzi 1,200 hadi 1,300. Kwenye joto hilo sehemu ya udongo wenyewe huyeyuka na kuziba vile vinyweleo, na kinachobaki kikishapoa kina tabia za jiwe. Hakipitishi mafuta wala siki, hakishiki harufu, na kikifukiwa ardhini karne saba hufukuliwa kikiwa vilevile.

Wachina walifikia joto hilo zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Majivu ya kuni yaliyorushwa na moto yalitua kwenye mabega ya vyombo, yakayeyuka, yakawa kioo cha kijani na kahawia. Wafinyanzi wakajifunza kuyachanganya majivu na udongo mwepesi na kuyapaka kwa mikono yao. Kusini mwa China walijenga matanuri marefu yaliyopanda mteremko wa kilima, moto ukiwashwa chini na kuvutwa juu na mteremko wenyewe, kuni zikiongezwa ubavuni, na mzigo wa vyombo elfu na zaidi ukiiva kwa pamoja. Huko ndiko makasiki ya kahawia kama ya shangazi yalikofyatuliwa kwa wingi, ili yasafirishe vyakula vilivyotiwa chumvi, mafuta na sosi.

Wajerumani wa bonde la mto Rhine walipata njia yao. Tanuri likishafika kwenye joto kali, walimwaga ndani yake chumvi ya kawaida ya mezani. Chumvi inageuka mvuke, sodiamu yake inaungana na silika, yaani madini ya mchanga, iliyomo kwenye udongo, na chombo hutoka kimevaa kioo chembamba chenye vinundu kama ganda la chungwa. Vyombo vya kijivu vyenye maua ya buluu ya kobalti, vile vya eneo la Westerwald, vilitengenezwa hivyo, na karne ya 19 kiwanda cha Doulton cha Lambeth, London, kilifanya kazi zake nyingi kwa chumvi hiyohiyo. Mimi nikipitisha kiganja juu ya glezi ya chumvi huwa sitaki kuondoa mkono. (Kwa wanaopenda kujua: kaolini, udongo mweupe unaotengenezewa kaure laini kabisa, ipo hapa hapa kwenye vilima vya Pugu. Ninatamani kuona wafinyanzi wa mji huu wakipewa nafasi ya kuifanyia kazi.)

Sasa mlete fundi na drili yake. Anatumia keekee, yaani ncha ya drili, ya ukutani, mashine ikiwa kwenye mwendo wa kugongagonga, kwa sababu ndiyo inayotoboa zege. Zege ni la chembechembe na huvumilia kugongwa. Kauri ngumu imeshikana yote kwa pamoja, na mpigo ukiingia mahali pamoja husafiri. Joto nalo hujilimbikiza kwenye ile nukta ndogo huku sehemu iliyobaki ikiwa baridi. Ukikosa bahati, kitako kinatoka kipande kizima. Ukipata bahati nusu, utaona tundu safi, na ufa mwembamba kama unywele utajitokeza wiki zijazo ukipanda kuelekea tumboni. Ipo keekee yenye chembe za almasi inayotumika pamoja na maji, na fundi mwangalifu anaweza kumaliza nayo salama. Hata hapo, bado amekiondolea chombo kile ambacho wafinyanzi walichoma kuni siku kadhaa ili wakipate.

Kuna jambo lingine linalonigusa zaidi ya ufundi. Mwaka 1955 mwanaakiolojia Mwingereza, Mortimer Wheeler, alizunguka pwani hii mpaka Kilwa. Akasema hajawahi kuona vigae vingi vya kauri kama alivyoviona katika majuma mawili hayo, na kwamba kuanzia karne ya 10 historia iliyofukiwa ya Tanganyika imeandikwa kwa kauri ya China. Nenda Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, uangalie vitu vilivyotoka Kilwa. Ile kauri ya kijani tulivu ni ya aina ya Longquan, ya jimbo la Zhejiang. Ilifika hapa kwa majahazi na pepo za msimu, ikipitia mikono ya wafanyabiashara wa India, Uajemi na Uarabuni, karne nyingi kabla ya mji huu kuwa na jina lake.

Makasiki makubwa nayo yana safari yao. Bahari ya Hindi nzima iliyajua kwa jina la Martaban, bandari ya Burma ambayo leo ni Myanmar, ingawa mengi yalitengenezwa mbali na hapo. Ibn Battuta, msafiri yule yule aliyefika Kilwa mwaka 1331, anasimulia katika safari zake za mashariki kwamba alipewa zawadi ya martabani nne kubwa zilizojaa tangawizi, pilipili, ndimu na maembe, vyote vimetiwa chumvi kwa ajili ya safari ya baharini. Niliposoma hapo nilinyamaza. Embe ndani ya chumvi, ndani ya kasiki ya glezi: hiyo ndiyo achari ya shangazi, na chombo ni cha ukoo uleule.

Watu wa pwani hawakuvificha vyombo hivi. Bakuli likishavuka kazi ya chakula lilijengewa kwenye ukuta wa msikiti au kwenye nguzo ya kaburi, mahali ambapo kila apitaye ataliona. Magofu ya Kunduchi yako ndani ya jiji letu, na makaburi yake ya nguzo yalipambwa hivyo. Kaole, nje kidogo ya Bagamoyo, utaona kwenye nguzo mashimo ya duara ambamo mabakuli yalikaa. Na hapa naomba niseme kwa uwazi: mtu akikuletea bakuli au kigae anachosema kimetoka kwenye magofu, usinunue, hata kama bei ni ya kutupwa na hata kama unadhani unakiokoa. Mambo ya kale yanalindwa na sheria tangu 1964, na kigae kilichochomolewa mahali pake hakiwezi tena kumwambia mtafiti kilikaa na nini wala cha wakati gani. Ninachozungumzia mimi ni vyombo vya majumbani, vilivyoshuka kutoka kwa bibi kwenda kwa mama.

Aina ya pili utakayokutana nayo ni ile ya Ulaya: vyombo vya mapambo vyenye maua yaliyotokeza, majani ya rangi kali, wakati mwingine miguu mitatu au vishikio vya vichwa vya simba. Hivi tangu mwanzo vilikuwa vyungu vya kuvika chungu kingine, na hili watu wengi hawaambiwi. Karne ya 19 Waingereza walishikwa na mapenzi makubwa ya mimea ya ndani. Nathaniel Ward, daktari wa London, alianza mwaka 1829 majaribio ya sanduku la kioo lililowezesha mimea ya nchi za joto kusafiri melini miezi mingi bila kufa. Mwaka 1845 kodi ya kioo ikafutwa, madirisha na vyumba vya mimea vikawa rahisi kujenga. Mmea ulikaa kwenye chungu chake cha udongo mwekundu chenye tundu, na kile cha mapambo kiliuvika kwa nje, kikizuia maji yasimwagikie meza na zulia. Kiwanda cha Minton cha Stoke-on-Trent, chini ya Mfaransa Léon Arnoux, kilionyesha glezi zake za rangi kali, majolika, kwenye Maonyesho Makuu ya London mwaka 1851, na viwanda vingine vikafuata. Ukikitoboa chombo hicho, umeiharibu kazi iliyokifanya kizaliwe.

Kitako kitakusaidia kukadiria umri. Alama yenye umbo la almasi ilitumika Uingereza kusajili michoro kuanzia 1842 hadi 1883, na kuanzia 1884 utakuta herufi Rd No zikifuatwa na namba ya usajili. Neno England peke yake kwa kawaida linaonyesha chombo ni cha baada ya 1891, kwa kuwa Marekani ilianza kudai bidhaa ziandikwe nchi zilikotoka. Made in England kwa kawaida ni ya karne ya 20. Doulton ilipata haki ya kujiita Royal mwaka 1901. Lakini alama huigizwa, na vyombo vingi vizuri havina alama yoyote, kwa hiyo mimi huamini zaidi ukingo wa kitako: chombo kilichoburuzwa juu ya sakafu miaka mingi kina msuguano usio sawa, uliochafuka ndani kabisa.

Majolika ina mambo mawili ya kuangalia. Glezi zake zilitengenezwa kwa risasi, madini yaliyowaletea sumu wafanyakazi wengi wa viwanda vya Staffordshire, Uingereza, wakiwemo wanawake waliochovya na kupaka vyombo hivyo. Usipande humo mnanaa wala mchaichai wa chai yako, na usivigeuze bakuli la matunda. Pia mwili wake ni laini na hunywa maji. Glezi ikiwa na mitandao ya nyufa, unyevu hupenya, madoa ya kahawia hutokea chini yake, na chumvi huanza kuisukuma glezi ibanduke. Kwa hewa ya bahari na masika yetu, hicho ni chombo cha ndani tu. Ninavipenda kwa macho, ila nikiambiwa nichague kimoja cha kuishi nacho Dar es Salaam nitachukua kauri ngumu, tena ile isiyo na maua, ya kijivu au kahawia, ambayo wauzaji huiweka nyuma.

Mimea nayo ilisafiri kutoka kwetu kwenda kuvikwa vyombo hivyo. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya wa Kijerumani kule Usambara, alilituma kwa baba yake Ujerumani ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, linaloota kwenye miamba yenye kivuli. Mwaka uliofuata Hermann Wendland akalipa jina Saintpaulia, na katika karne ya 20 likajaa madirishani Ulaya na Marekani. Ua lile joto la mjini kwetu linalielemea. Hupendelea hewa ya milimani. Badala yake chukua ule mmea wenye majani mazito yanayong'aa, ambao wauza maua huuita ZZ. Wengi hukuambia umetoka Ulaya. Zamioculcas zamiifolia ni mmea wa mashariki ya Afrika, kuanzia Kenya, kupitia kwetu na Zanzibar, hadi Afrika Kusini. Bustani za Uholanzi ndizo zilizouzalisha kwa wingi miaka ya 1990 na kuusambaza duniani. Una viazi chini ya ardhi vinavyohifadhi maji, kwa hiyo unavumilia kusahauliwa na hauvumilii kabisa kulowa. Ndio niliouweka kwenye kasiki ya shangazi.

Namna ya kuuweka ni hii. Nunua chungu cha kawaida cha udongo mwekundu, kisicho na glezi, chenye tundu, kidogo kuliko mdomo wa kasiki kiasi kwamba vidole vyako vinapita pembeni. Udongo huo unapumua, kauri ya nje haipumui, na viwili hivyo vinafaana. Kama kasiki ni ndefu, pindua ndoo ndogo chini yake, chungu kikae juu ya ndoo, na majani yatokeze mdomoni. Kama si ndefu, vipande vitatu vya vigae vinatosha kukiinua kisikae kwenye maji. Siku ya kumwagilia, kitoe chungu, kimwagilie nje au bafuni, kiache kichuruzike mpaka kikome, ndipo ukirudishe. Kwa kasiki yenye shingo nyembamba isiyopitisha chungu, usilazimishe. Iache wazi, ufunike mdomo, au uipe matawi makavu.

Na mbu. Hapa sitaki mtu anisikilize nusu. Jiji hili limepata milipuko ya dengue, ikiwemo ya 2014 na 2019, na mbu wake, Aedes, anayeuma mchana, huzaliana kwenye maji machache sana: kisahani cha ua, kifuniko, kitako cha chungu cha nje. Kwenye joto letu yai linaweza kuwa mbu kamili katika wiki moja au zaidi kidogo. Mayai yenyewe hubandikwa ukutani mwa chombo juu kidogo ya maji, na yakikauka hubaki hai kwa miezi, yakingoja maji mengine. Kumwaga peke yake hakutoshi. Kila wiki toa chungu cha ndani, mwaga kilichobaki, kisha sugua ukuta wa ndani kwa brashi. Glezi ya kauri ngumu husuguliwa kwa urahisi, na hiyo ni sababu nyingine ya kuichagua. Asiye na nafasi ya kufanya hivi kila wiki aiweke kasiki bila mmea.

Najua baadhi yenu mmesoma hadi hapa mkiwa na chombo ambacho tayari kina tundu. Msikitupe. Kagua kwanza ufa: pitisha ukucha kuanzia ukingo wa tundu kuelekea nje, kisha kigonge usikilize. Kama bado kinalia, panda mmea humo moja kwa moja, kama kwenye chungu cha kawaida. Funika tundu kwa kigae kilichopinda ili udongo usitoroke, na changanya mchanga mwingi, kwa maana kuta hazitasaidia kukausha. Kiweke nje juu ya vipande vitatu vya tofali, tundu likiwa huru. Kama ni majolika, kibaki barazani chini ya paa.